Elfu Hamsini za Babu

Jioni moja babu yangu aliniita nyuma ya nyumba, akafungua fundo la kitambaa chake, akanihesabia shilingi elfu hamsini. Zilikuwa noti za elfu mbili na elfu tano, zimechoka kabisa. Akasema, "Mjukuu, nimesikia unaenda Kasese kwa mafunzo. Ukifika huko ushuke mpaka Bwera, unitafutie nyimbo za wakati wetu. Zile zenyewe, si za kuiga." Nikamuuliza ni wimbo gani hasa anautaka. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mokolo Nakokufa, wa Rochereau. Nyingine uchague mwenyewe. Lakini usirudi bila huo."

Kwa wasiojua Kilingala, jina hilo maana yake ni siku nitakayokufa.

Mama alisikia. Mama husikia kila kitu. Alianza kuhesabu zile pesa kwa kilo za posho na maharage, na hesabu yake ilikuwa ya haki, maana tangu chakula kipunguzwe mwaka 2023 hapa kwetu elfu hamsini si pesa ya kuchezea. Babu alikuwa ameiweka kidogo kidogo, karibu mwaka mzima, bila kumwambia mtu. "Mzee anakula mara moja kwa siku ili anunue wimbo wa kufa," mama alisema. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilichukua pesa, maana mkubwa akikutuma huwezi kukataa, ila moyoni nilikuwa upande wa mama.

Nataka kueleza yaliyonipata katika kutafuta huo wimbo, kwa sababu nilijifunza historia ambayo hatukufundishwa shuleni, wala Congo wala Uganda. Mimi ni mfanyakazi wa vijana, si mwalimu. Mwenye kujua zaidi asinicheke, aje tukae naye.

Ijumaa mafunzo yaliisha mapema, nikapanda taksi ya Bwera. Wengi wetu tunaijua njia ile, ila tunaijua kwa upande mwingine, wa kutoka Kasindi na mabegi kichwani. Jumanne na Ijumaa ndiyo siku za soko la Mpondwe. Watu wanavuka mto Lhubiriha na mafuta ya mawese, kahawa, vitenge na samaki wa chumvi. Mkonzo wa upande huu na Mnande wa upande ule wanaongea lugha moja, wanadaiana na kuoana, mpaka uko kwenye ramani tu na kwenye kibanda cha forodha. Mama hapendi nilale kule tangu Juni 2023, wanafunzi walipouawa usiku shuleni Mpondwe. Kwa hiyo nilijua nina saa tatu tu, nitafute kisha nigeuze.

Nilipata kibanda cha kijana mmoja mwenye kompyuta ya mezani na spika mbili kubwa. Kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye fulashi na memori kadi. Kwenye kompyuta yake "Oldies" ni wazungu na Wamarekani weusi: Jim Reeves, Don Williams, Skeeter Davis, Percy Sledge, Otis Redding. "Zilipendwa" ni za Kenya na Tanzania. "Rumba" ni za kwetu Congo. Nikamwambia nataka rumba za zamani, za miaka ya sitini, na Mokolo Nakokufa iwemo. Akaandika jina, likatokea. "Iko hapo, bro." Hakuifungua na mimi sikumwambia aifungue, soko lilikuwa na kelele na mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Nyimbo 212, fulashi na kazi yake elfu kumi na tano. Nilirudi Kasese nimefurahi kabisa.

Tulisikiliza Jumapili, kwenye spika ya sola ya kituo chetu cha vijana. Babu alikuja amevaa koti. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Franco, akatikisa kichwa vizuri. Wa pili ulianza vizuri, ukafika mahali gitaa linataka kuamka, ukakatika. Wa tatu ukakatika hivyohivyo. Babu akauliza, "Sebene iko wapi?" Wa nne ulikuwa ule wa kwanza tena, kwa jina lingine. Ndipo nikamwekea Mokolo Nakokufa. Kumbe ni mtu mwingine kabisa, anaimba juu ya kinanda cha umeme, na ngoma ya mashine nyuma yake. Babu alisikiliza labda nusu dakika. Alinyanyua mkono, akasema taratibu, "Zima. Huyu hajui anachosema." Akarudi nyumbani na koti lake.

Kama angenigombeza ingekuwa nafuu.

Usiku huo nilikaa na simu yangu na ile fulashi, nikaanza kuhesabu makosa. Nyimbo zilizorudiwa zilikuwa thelathini na moja. Rochereau alikuwa na folda yake na Tabu Ley alikuwa na yake, kana kwamba ni watu wawili. Ni mtu mmoja! Wenye umri wangu hatujui hilo. Mobutu alipoleta siasa ya uhalisi, mwaka 1972 Wazaire waliamriwa kuacha majina ya Kikristo na ya kigeni wachukue ya mababu. Pascal Tabu, aliyejulikana kote kama Rochereau, akawa Tabu Ley. Franco akawa Luambo Makiadi, ingawa watu waliendelea kumwita Franco mpaka alipokufa Oktoba 1989. Daktari Nico akawa Kasanda wa Mikalayi. Kwa hiyo mtu anayekusanya nyimbo bila kujua siasa ya wakati ule atamkata mwimbaji mmoja vipande viwili, kisha atakuuzia vyote viwili.

Kosa lingine lilikuwa gumu zaidi, nikalipeleka kwa babu mwenyewe, maana sikuwa na kwingine pa kwenda. Nilimwambia, "Babu, nyimbo nyingi zimeandikwa African Fiesta, lakini hazifanani." Hapo ndipo alipoanza kuongea nami tena. Tuliongea siku tatu. Nikaandika kwenye daftari, na baadaye nikalinganisha na maandishi niliyoyapata, nikaona mzee hajapotea sana.

Mambo yalianza kwa santuri za Kuba. Tangu mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika mfululizo wa santuri ulioandikwa GV, na ya kwanza kabisa ilikuwa El Manisero. Watu wa Matadi na Léopoldville wakasikia humo ngoma inayofanana na ya nyumbani, kwa maana ngoma hiyo ilivuka bahari zamani pamoja na watumwa. Mwaka 1948 Mgiriki aliyeitwa Nicolas Jeronimidis alifungua Léopoldville studio na nembo ya Ngoma, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akarekodi Marie-Louise pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Zikafuata Opika, Loningisa na Esengo. Karibu zote zilikuwa za wafanyabiashara waliotoka Ugiriki na visiwa vyake, watu wa maduka ya vitambaa na sabuni. Babu alinikazia hilo: santuri iliuzwa dukani pamoja na sabuni. Yeye hakuona ajabu yoyote. Mimi niliona ajabu kubwa.

Joseph Kabasele, Grand Kallé, akaunda African Jazz mwaka 1953. OK Jazz ya Franco ikazaliwa 1956. Mwaka 1960 viongozi wetu walipokuwa Brussels kwenye mkutano wa meza ya duara kudai uhuru, Kabasele na wenzake walikuwa hukohuko, na huko wakatoa Indépendance Cha Cha. Babu alikuwa mtoto mkubwa wakati huo, Butembo. Anasema wimbo ulifika kabla ya uhuru wenyewe kufika.

Halafu mwaka 1963 Rochereau na Nico walimwacha Kabasele wakaunda African Fiesta. Hawakukaa miaka mingi, nao wakaachana. Rochereau akabaki na African Fiesta National, Nico akaenda na African Fiesta Sukisa. Kwa hiyo kuna Fiesta tatu: ya pamoja, ya Rochereau na ya Nico. Mokolo Nakokufa ni ya Rochereau baada ya kuachana, katikati ya miaka ya sitini. Mtu akiandika "African Fiesta" tu, hajakwambia kitu. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa kusema "anakaa Uganda".

Babu anawatambua kwa gitaa. Anasema gitaa la Nico halina haraka, linatembea kama mtu anayejua atafika. Nilijaribu, nikakosea mara nyingi. Siku hizi nafaulu labda nusu.

Na ile sebene iliyokatwa? Hili nililigundua mwenyewe, nalijivunia kidogo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 inabeba dakika chache kila upande. Rumba ilipokuwa ndefu, wimbo mmoja uligawanywa: upande wa kwanza maneno, ukigeuza upande wa pili unakuta gitaa na dansi. Wapo waliohamisha santuri hizo kwenda kaseti au CD wakachukua upande wa kwanza peke yake, labda kwa uvivu, labda ili majina mengi yaenee kwenye kaseti moja waonekane wametoa nyimbo nyingi. Kwa hiyo tumerithi nyimbo zisizo na miguu. Vijana wenzangu wanaposema rumba ya wazee ni ya kulalia, nawaambia mmesikiliza upande mmoja tu. Kosa si lao.

Kuna pia nyimbo zilizoimbwa upya. Si uongo kila mara. Wendo mwenyewe aliirudia Marie-Louise uzeeni, miaka ya tisini. Malaika, uliosambaa Nairobi kwa sauti ya Fadhili William, umeimbwa na watu chungu nzima, Miriam Makeba na Boney M wakiwemo. Shida ni pale wanapokupa ya kuiga bila kukwambia. Mtu atauliza kwa nini nisitafute intaneti. Nilitafuta. Kwanza ni pesa ya bando na mtandao wa hapa kwetu unaoujua wewe. Pili, huko pia majina yamechanganywa vilevile, maana walioweka ni watu kama sisi, waliokuta kaseti bila kava.

Mwezi uliofuata gari la kazi lilikuwa linaenda Kasese, nikaomba nafasi. Dereva mmoja wa taksi alikuwa amenielekeza kwa mzee wa njia ya Kilembe aliyewahi kufanya kazi mgodini. Jina lake silitaji, hakuniruhusu. Nilikwenda na kilo mbili za sukari, kwa sababu babu alisema huwezi kwenda kumuuliza mzee mambo na mikono mitupu.

Wageni wasiojua Kasese: mji ule ulikua kwa shaba ya Kilembe. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo. Mgodi ulivuta watu kutoka kila upande, na mzee aliniambia ndiyo sababu alijua Kiswahili, kilikuwa lugha ya kazi chini ya ardhi. Sisi wawili tulianza kwa Kiswahili, kisha akasikia lafudhi yangu akaingia Lhukonzo, mimi nikamjibu Kinande, tukaendelea hivyo mpaka jioni. Wachimbaji walikuwa na mshahara wa kila mwezi. Mshahara wa kwanza, alisema, mtu alinunua baiskeli, wa pili redio, na aliyekuwa na kichwa kama yeye alinunua gramafoni. Santuri za Congo zilipatikana madukani, na nyingi ya duka hizo zilikuwa za Wahindi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yakapewa watu wengine, na miezi michache baadaye, alisema, ukienda kuuliza santuri unaonyeshwa rafu tupu. Upande wa Zaire Mobutu alifanya ya kwake mwaka uliofuata, Novemba 1973, akachukua biashara za wageni, Wagiriki wakiwemo. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Pande zote mbili za Lhubiriha, ndani ya miezi kumi na tano, wauzaji wa santuri waliondolewa. Sisemi duka la mtu mmoja lilikuwa haki au halikuwa. Nasema santuri ziliacha kuja.

Hapo ndipo yeye na wenzake walipoanza kurekodi kaseti. Waliazimana santuri, wanaweka redio kaseti mbele ya gramafoni, watoto wanafukuzwa nje, wanabonyeza. Kila kaseti yake ina namba, na namba hiyo iko kwenye daftari la shule lenye jina la wimbo, bendi, na jina la aliyemwazima santuri. Santuri zenyewe hana tena. Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika ulimchukulia nyumba ya chini na kila kilichokuwemo. Boksi moja la kaseti lilipona kwa sababu mkewe alikuwa amelipandisha darini miaka mingi kabla, kwa hasira, ati linamjazia chumba. "Hasira ya mke wangu ndiyo jumba letu la makumbusho," alisema, na bibi mwenyewe akacheka kutoka jikoni.

Nilimuuliza bei. Akaniangalia kama nimemtukana. Hauzi. Alinipa masharti mawili. La kwanza, nisichukue wimbo mmoja tu, nichukue upande mzima wa kaseti kama ulivyopangwa, kwa kuwa aliupanga hivyo kwa sababu zake. La pili, ninakili daftari pia. "Wimbo usio na jina ni mtoto aliyeokotwa," alisema.

Nilinunua betri mpya. Kichwa cha redio kaseti tukakifuta kwa pamba na spiriti. Hakukuwa na waya wa kuunganisha, hivyo niliweka simu kwenye kiti mbele ya spika, na mimi nikakaa kimya, kama wao zamani. Kaseti namba 14, upande wa pili, wimbo wa tatu: Mokolo Nakokufa, African Fiesta National. Sauti ya Rochereau ilikuwa nyuma ya mchakacho kama mvua ya mbali, lakini ni yeye. Katikati ya wimbo jogoo wa mzee akawika. Nikataka kuanza upya. Mzee akakataa, akanionyesha betri: zilikuwa zinatakiwa zitoshe pande nne.

Niseme sasa kuhusu makusanyo mazuri, maana wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili wameniuliza wanunue yapi. Yapo. Zamani Sonodisc ya Paris ilitoa mfululizo wa Merveilles du passé, na wazee wetu wengi bado wanaziita nyimbo za kale kwa jina hilohilo, "merveilles", hata wasiojua Kifaransa. Baadaye Sterns ya London ilitoa The Voice of Lightness ya Tabu Ley mwaka 2007, inayoanza nyimbo za 1961 mpaka 1977, na nyingine ya pili mwaka 2010. Franco alipata yake, Francophonic, mwaka 2008 na 2009, na Kabasele mwaka 2013. Kwa nyimbo za studio za mwanzo kuna Roots of Rumba Rock ya Crammed Discs. Mfanyakazi mmoja wa shirika aliniletea The Voice of Lightness kwenye kompyuta yake pamoja na kijitabu chake, nikakisoma na kamusi. Nilishangaa: mwaka, bendi, nani alitunga, nani alipiga gitaa. Hilo ndilo linalofanya mkusanyo uwe mzuri. Si wingi. Nyimbo chache zenye majina yake zinanishinda 212 za mitaani.

Ila nina kinyongo changu. Vijitabu hivyo ni vya Kiingereza na Kifaransa, viko London na Paris, na bei yake ni posho ya familia. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Kinshasa na Brazzaville pamoja. Tulifurahi hapa kambini, tulicheza. Lakini mzee wa Kilembe mwenye daftari lake hajui kama ameurithisha ulimwengu, na redio kaseti yake inafungwa kwa mpira wa baiskeli.

Wanaopenda soul nao wasijione wamesahauliwa. Septemba 1974 James Brown, B.B. King na Bill Withers walipiga Kinshasa kwa siku tatu, pamoja na Franco, Tabu Ley, Abeti na Miriam Makeba. Ilipangwa iendane na pambano la Ali na Foreman, Foreman akaumia jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba, muziki ukapigwa hivyohivyo. Nyimbo za Waafrika wa siku zile zilikaa bila kutolewa mpaka 2017. Miaka arobaini na zaidi. Za Wamarekani zilionekana kwenye filamu kabla ya hapo.

Vijana wangu lakini walikuja na swali ambalo sikulitegemea. "Kaka, hizi zote ni Kilingala. Sisi tunasikia nini?" Kweli. Wengi wao wamekulia Kinande, Kiswahili na Kiingereza cha shule. Kilingala kwao ni lugha ya askari. Kwa hiyo niliwatafutia za Kiswahili, na hapa ndipo walipokaa kimya wakasikiliza. Jean Bosco Mwenda, mtu wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa moja tu, na wimbo wake Masanga ukazunguka Afrika yote. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akapiga muziki Zaire na Uganda kabla ya kuingia Dar es Salaam mwaka 1978, akawa mkubwa huko kwa Kiswahili. Na Samba Mapangala: alitoka Matadi, akakaa Kampala miaka ya sabini na bendi yake Les Kinois, akavuka kwenda Nairobi mwaka 1977, akaunda Virunga. Virunga! Milima yetu. Kijana mmoja wa miaka kumi na sita akaniuliza kama Mapangala alikuwa na kitambulisho cha ukimbizi. Nilimwambia sidhani. Akasema, "Lakini alivuka." Basi, tukaacha hapo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuliwaita wazee kituoni. Walikuja kumi na mmoja na viti vyao. Niliweka kaseti namba 14 tangu mwanzo wa upande, kama nilivyoamriwa. Ilipofika ya pili mabishano yakaanza, wawili wakasema anayeimba nyuma ni fulani, wengine wakasema hapana, nikaandika majina yote mawili kwenye daftari na nikaweka alama ya kuuliza. Ilipofika ya tatu hakuna aliyebisha. Babu aliinamisha kichwa, mikono juu ya fimbo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage, hakuingia na hakuondoka. Mzee mmoja aliyepoteza mke Eringeti aliimba kwa sauti ya chini kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukosea neno.

Jogoo akawika. Babu akainua kichwa. "Huyo jogoo wa nani?"

Nikamwambia ni wa Kasese, wa mzee wa Kilembe.

"Anaingia vizuri," akasema. "Rudisha."

Niliurudisha mara tatu. Tulipomaliza nilimpa hesabu yake: taksi ya Bwera kwenda na kurudi elfu ishirini, fulashi elfu kumi na tano, sukari na betri elfu nane na mia tano. Imebaki elfu sita na mia tano. Alizihesabu tena mwenyewe, noti baada ya noti. Elfu nne na mia tano akampa mama. Elfu mbili akanirudishia mkononi, akasema gari la kazi likienda tena Kasese nimuulize yule mzee kama ana Nico.